Dorcas Whibley na Koti la Nguruwe

Kwa miaka ishirini na sita Dorcas Whibley alipaka rangi pua za wakubwa wa nchi hii, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumshukuru.

Vibonzo vyote vya duka la Mama Tapsell, pale barabara ya Strand, London, vilitoka mashineni vikiwa vyeusi na vyeupe, kisha vikapandishwa ghorofani kwenye meza ndefu iliyowekwa mbele ya dirisha. Hapo walikaa wanawake watatu. Sukey Trodd alipaka bluu na kijani, yaani mbingu, bahari, majani na makoti ya mabaharia. Mjane mmoja kiziwi tuliyemwita Mama Pinnock alipaka kahawia: meza, farasi, viatu, mikate. Dorcas alikaa mwisho wa meza na kumalizia. Nyuso zilikuwa zake, na pua, na kila vazi jekundu, la njano au la zambarau. Mchoraji aliwaletea kielelezo kimoja alichokipaka kwa mkono wake. Kikabandikwa ukutani, nao wakakifuata karatasi baada ya karatasi, mia, mia mbili, mpaka mikono ikawa inaijua picha kuliko macho.

Hilo ndilo sharti la kazi yao: fuata kielelezo. Mpaka rangi haulizwi maoni. Jina la mchoraji huchongwa pembeni mwa picha, la mwenye duka huchongwa chini yake, na la mpaka rangi halichongwi popote. Mimi nilipanga chumba juu ya vichwa vyao, nikiwa nimetoka chuoni majuzi na nikisomea uwakili, na jambo hilo lilinichoma moyo. Siku moja nilimsimamisha Dorcas kwenye ngazi.

"Mama Dorcas, hivi hukasiriki? Watu wanacheka kwa sababu yako, sifa wanapewa wengine!"

"Sifa nizipeleke wapi, mwanangu?" akajibu, huku anainyonya brashi yake ili kuichongoa ncha. "Nyumbani nina paka na kiti. Vyote viwili vinanijua jina."

Ile tabia ya kunyonya brashi wanayo wote, lakini kwa Dorcas ilikuwa kama gazeti. Ukitaka kujua duka linamcheka nani siku hiyo, mtazame midomo. Ikiwa myekundu, majenerali wamefanya upuuzi. Ikiwa ya zambarau, ni zamu ya maaskofu. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye kikohozi cha kuchekesha na hamu isiyoisha ya pai ya samaki mkunga, na kila Jumapili alivuka mto kwenda Lambeth kumtembelea mdogo wake Keturah, ambaye alikuwa dobi.

Mwaka huo waziri wetu wa hazina, Lodi Thrapsden, aliamua kuongeza kodi ya sabuni.

Sabuni! Mtu mwenye mabwawa mawili ya samaki na mtumishi maalumu wa kumvua soksi aliketi Bungeni, akafikiri, akaona kwamba maskini wa London wanajisafisha kupita kiasi. Niliandika barua tatu magazetini, zote zikiwa na maneno ya Kilatini. Hazikuchapishwa. Dorcas hakuandika kitu. Alirudi kutoka Lambeth Jumapili moja, akakaa kwenye ngazi bila kuvua kofia.

"Keturah anafulia maji ya jivu siku hizi," alisema. "Wauza sabuni hawakungoja Bunge lipige kura, wamepandisha bei tayari. Mikono yake imepasuka kama gome la mti. Nilitaka kumshika, akaificha chini ya aproni. Mimi dada yake!"

Wiki hiyohiyo mchoraji wa duka, Barnaby Lusk, alileta bamba jipya la shaba la kuchapia picha. Lusk alikuwa na kipaji kikubwa na ujasiri mdogo, na vyote viwili vilionekana katika picha ile. Alikuwa amechora nguruwe mnene anaoga ndani ya beseni la fedha, povu limemfika kidevuni, huku madobi wamemzunguka na mabeseni yao makavu. Ilikuwa picha nzuri sana. Lakini nguruwe ni nguruwe tu. Uso wake haukufanana na wa mtu yeyote. Nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia koti alilolivua, na katika kielelezo Lusk alikuwa amelipaka kijani, kijani cha kawaida kabisa, cha karani yeyote anayekwenda kazini.

Sasa, Lodi Thrapsden naye alikuwa na koti. Kila asubuhi alipita Strand katika gari la wazi, amevaa koti la rangi ya kiini cha yai, lenye bitana ya zambarau, na alilikunjua kidogo kifuani ili bitana ionekane. London nzima halikuwepo la pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha kwamba tunalijua.

Ijumaa asubuhi Sukey alichovya brashi kwenye kijani na kunyoosha mkono kwenye msumari ule wa picha. Dorcas akamzuia.

"Liache hilo koti, Sukey. Nitalifanya mimi."

Sukey aliniambia baadaye kwamba alidhani mwenzake anamsaidia kazi, mpaka alipoona njano.

"Dada Dorcas! Kielelezo si kinasema kijani?"

"Kielelezo hakina mdogo wake Lambeth. Wewe paka mabeseni yako."

"Tutafukuzwa!"

"Nitafukuzwa. Wewe hujaona kitu, una shughuli na mabeseni."

Asubuhi nzima alichanganya nyekundu na bluu kwenye kijisahani, akajaribu, akafuta, akajaribu tena, mpaka zambarau ikawa ileile. Mama Pinnock, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja, alirudishiwa karatasi ya kwanza amalizie viatu. Aliitazama. Akaisogeza karibu na macho. Kisha akacheka kwa namna aliyokuwa hajacheka tangu mumewe afariki, akamwaga maji yote ya kuoshea brashi. Jioni karatasi mia moja na sitini zilishuka dukani zimefunikwa kwa karatasi safi, na Mama Tapsell, aliyekuwa anabishana na muuza kamba, hakufunua hata moja.

Jumamosi saa nne asubuhi picha ikawekwa dirishani.

Mnajua watu wanavyojazana mbele ya dirisha la vibonzo: mwokaji na kikapu chake, mawakili wawili, mwanajeshi wa mguu mmoja, wauza chaza, wanawake na watoto migongoni. Nilishuka mbio bila kofia.

"Nguruwe huyu nani?" aliuliza mwokaji.

"Hulijui koti hilo, wewe? Jana tu limenirushia tope!"

"Ebo! Ni Thrapsden! Ni Thrapsden anaoga!"

"Usimtukane nguruwe, bwana. Amekukosea nini?"

"Lete sabuni, jamani, mgongoni haijafika!"

Na hapo, nawaapia, likatokea gari lenyewe. Lodi Thrapsden alikuwa anakwenda kutembea bustanini, amevaa koti lake la kiini cha yai, na barabara ilikuwa imezibwa na watu. Gari likasimama. Watu wakaligeukia. Wakageukia dirisha. Wakaligeukia tena gari. Kisha ukapigwa ukelele ambao sijapata kuusikia mahali pengine, na Lodi, ambaye hakuwahi kushangiliwa barabarani maisha yake yote, alisimama ndani ya gari, akavua kofia, akatuinamia.

"Asanteni, watu wema!" alisema.

"Mheshimiwa!" dobi mmoja alimwita kutoka nyuma, ameinua beseni juu ya kichwa chake. "Umesahau hili!"

Lodi alicheka pamoja nao. Alicheka mpaka macho yake yakafika dirishani. Akakaa chini polepole, akaanza kufunga vifungo vya koti, akaona kwamba hilo halisaidii, akaanza kuvifungua.

Saa nane mchana msimamizi wa nyumba yake, Bwana Crimpley, aliingia dukani na askari wawili wa mtaa, na Lusk akiwa kati yao, mweupe kama karatasi isiyopakwa. Crimpley alikuwa mwembamba, na hakuwa mjinga hata kidogo. Alitandika picha mbili juu ya meza ya duka, moja ya rangi na moja nyeusi na nyeupe.

"Mama Tapsell," alisema, "hii isiyo na rangi ni nguruwe. Kuchora nguruwe si kosa, kuuza nguruwe si kosa. Bwana Lusk amenionyesha kielelezo chake, na koti ni la kijani. Kwa hiyo aliyemtukana Lodi ni mtu mmoja tu. Nani ametia rangi?"

"Duka ni langu," alisema Mama Tapsell. Nilimheshimu sana wakati ule, kwa sababu aliogopa kuliko sisi sote. "Ukiwa na neno, niambie mimi."

"Nimeuliza, nani?"

"Mtamwogopesha mama wa watu bure," sauti ilisema kutoka kwenye ngazi. Dorcas alikuwa anashuka taratibu, anajifuta mikono. Mdomo wa juu ulikuwa wa njano, wa chini wa zambarau. Askari mmoja alimtazama, akamtazama nguruwe, akageuza uso ukutani mabega yakimcheza. "Ni mimi, Bwana Msimamizi. Dorcas Whibley. Whibley, kama unaandika."

"Jumatatu utakuwa mbele ya hakimu," alisema Crimpley, "na usiku wa Jumatatu utalala Newgate."

Hakuna aliyecheka hapo. Sote tunajua gereza la Newgate. Homa ya mle ndani haingoji hukumu, na mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye kikohozi huingia kwa miguu yake na kutolewa na wengine. Waliondoka na picha zote zilizobaki. Lusk alibaki mlangoni anazungusha kofia mkononi.

"Dorcas, nina watoto watano," alisema.

"Najua, Barnaby. Nenda kale chakula."

Jumapili nilikaa na Dorcas kwenye ngazi, na karatasi zangu mkononi. Nilikuwa nimeandaa utetezi wa kurasa kumi na moja juu ya uhuru wa Mwingereza, lakini kwanza nilikuwa na njia fupi, na niliona fahari kwa kuibuni.

"Utasema kijani kiliisha," nilimwambia. "Basi. Kijani kiliisha, ukachukua njano iliyokuwa karibu. Ni bahati mbaya. Hakimu atakukaripia na kukuacha."

"Na Sukey akiulizwa kijani kilikuwepo?"

"Sukey atasema kiliisha."

Dorcas aliweka pai kati yetu. Alikuwa amevaa kofia ya kwenda Lambeth, lakini hakuwa amekwenda. Hakutaka Keturah ajue.

"Sikiliza, msomi wangu. Miaka ishirini na sita napaka mawazo ya watu. Barnaby akisema askofu ana pua nyekundu, napaka nyekundu. Akisema mfalme wa Ufaransa ana soksi za waridi, napaka waridi. Hili la juzi ndilo wazo langu la kwanza na la pekee. Na limechekesha London nzima! Uliwasikia?"

"Niliwasikia."

"Halafu leo unataka nisimame mbele za watu niseme halikuwa langu. Niseme lilikuwa la chungu cha rangi."

"Ni Newgate, Mama Dorcas!"

"Naijua Newgate. Mimi naogopa, usifikiri siogopi." Akavua kofia, akaiweka magotini. "Lakini sitasema kijani kiliisha. Weka hayo makaratasi, mwanangu, ule pai."

Nilikula pai. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Jumatatu chumba cha hakimu kilijaa mpaka dirishani. Madobi walikuwa wamekuja kutoka Lambeth, kwa sababu habari ilikuwa imevuka mto bila kumsubiri mtu, na katikati yao alisimama Keturah, mikono chini ya aproni. Nyuma walikaa waandishi wawili wa magazeti. Hakimu, Bwana Ollerenshaw, alikuwa mzee mwenye mafua na nywele za bandia zilizokaa upande, na uso wake haukuonyesha kwamba amewahi kucheka.

Crimpley alileta ushahidi wake ndani ya sanduku. Na hapa ndipo alipokosea, kosa ambalo ni watumishi wa nyumba kubwa tu wanaoweza kulifanya, kwa sababu wamezoea kwamba kitu cha bwana wao kikionekana, watu huinama. Alifungua sanduku, akatoa koti lenyewe, akalitandaza juu ya meza ya hakimu kando ya picha.

Watu walinyoosha shingo. Kiini cha yai na kiini cha yai. Zambarau na zambarau. Hata vifungo vilikuwa sita na sita.

"Mvalishe nguruwe basi, tuone kama linamtosha!" mtu alipiga kelele.

Hakimu aligonga meza mpaka watu wakatulia. "Mama Whibley. Ni wewe uliyepaka koti hili?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Kwa bahati mbaya?"

Nilifumba macho.

"Hapana, Mheshimiwa. Kwa makusudi. Njano ni rahisi, lakini hiyo bitana ilinitoa jasho asubuhi nzima."

Madobi waliguna wote kwa pamoja. Crimpley alitabasamu. Hakimu alipenga kamasi, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Na huyu nguruwe ni nani?"

"Hilo mimi sijui, Mheshimiwa. Mimi nimepaka koti tu. Nguruwe tumeonana hapo kwenye karatasi. Lakini Bwana Msimamizi anasema anamfahamu. Nasikia anakaa naye nyumba moja."

Kelele iliyofuata ilimfanya askari wa mlangoni aingie kutazama. Hakimu hakucheka. Alimgeukia Crimpley.

"Haya, Bwana Crimpley. Wewe ndiye mlalamikaji. Siwezi kumfunga mwanamke kwa kumpaka rangi nguruwe. Shika Biblia, uape kwamba nguruwe huyu ni Lodi Thrapsden. Karani, andika."

Karani alichovya kalamu. Kule nyuma waandishi wa magazeti nao wakachovya zao. Crimpley alishika Biblia, akafungua mdomo, na nikamwona anausikia mdomo wake kabla haujasema.

"Mimi... Mheshimiwa, sisemi kwamba Lodi ni nguruwe."

"Vizuri. Kwa hiyo si yeye."

"Lakini koti ni lake!"

"Koti ni lake, nguruwe si yeye. Basi nguruwe kaiba koti. Unataka nitoe hati akamatwe nguruwe?"

"Mheshimiwa, nguruwe anawakilisha..."

"Anamwakilisha nani? Sema taratibu, karani wangu ana mkono mzito."

Crimpley aliwatazama waandishi. Akalitazama koti. Mwanamke mmoja kati ya madobi alimwambia kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kusoma, "Sema tu, kaka. Sote tunajua unachotaka kusema." Na mtu yule, ambaye Jumamosi alitutetemesha sote, alilikunja koti mikono ikimshinda, akalirudisha ndani ya sanduku huku mkono mmoja wa koti unaning'inia nje.

"Naondoa shauri," alisema.

"Sema kwa sauti," alisema hakimu.

"Naondoa shauri!"

Sikumbuki vizuri tulivyotoka. Nakumbuka kurasa zangu kumi na moja zilikanyagwa na sikuziokota. Nakumbuka mwanajeshi wa mguu mmoja alimpigia Dorcas saluti, na muuza chaza alimjazia kofia yake chaza, na Keturah alitoa mikono chini ya aproni, ile mikono yake iliyopasuka, akamshika dada yake mashavu yote mawili mbele ya Strand nzima.

"Mjinga wewe," alimwambia. "Mjinga mkubwa! Ungekufa!"

"Ningekufa," alisema Dorcas, akilia na kucheka. "Lakini umeiona ile zambarau?"

Siwezi kuwadanganya: kodi ya sabuni ilipita. Bunge lile lingepitisha kodi ya kupumua kama lingeletewa. Lakini ilipita kwa tofauti ya kura chache mno, na Lodi Thrapsden alikwenda kuipigia kura ndani ya gari lililofungwa mapazia, amevaa kijivu. Magazeti yalichapisha maneno ya hakimu neno kwa neno. Bamba la shaba lilikuwa limebaki dukani, picha ikachapwa upya, na kila chumba cha dobi kutoka Lambeth mpaka Wapping kilibandikwa yule nguruwe ukutani, na kama mnadhani hilo si kitu, hamjawahi kufua shuka za watu siku nzima huku mmoja wa waliowafanya mteseke anawatazama akiwa uchi ndani ya beseni. Mimi nimesoma vitabu vingi juu ya haki. Sijasoma ukurasa unaonipa imani kama karatasi ile.

Asubuhi iliyofuata ile kesi, Lusk alipanda ghorofani na picha mpya: mawaziri wanne wamepanda punda mmoja. Alikuwa amevua kofia tangu mlangoni. Alibandika kielelezo ukutani, na sote tukaona kwamba punda amepakwa, mbingu imepakwa, mawaziri watatu wamepakwa, na wa nne, yule mkubwa wa mbele, ameachwa mweupe.

"Huyu sikumpaka," alisema Lusk, anatazama sakafu. "Nimeona, Mama Dorcas, huyu... umchagulie wewe."

Sukey aliacha bluu yake. Mama Pinnock, ambaye hakusikia, aliona nyuso zetu, akaweka brashi chini. Mama Tapsell alikuwa amesimama kwenye ngazi anajifanya anahesabu hatua. Dorcas aliinuka, akaenda karibu na ukuta, akaitazama picha, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Alikaa hivyo mpaka Lusk akaanza kutoka jasho.

"Barnaby," alisema hatimaye.

"Naam, mama."

"Rangi nitampa. Lakini pua hii ndogo mno. Shuka nayo ukaongeze."

Lusk aliitazama ile pua, akakuna kichwa, akacheka, akashuka kwenda kuongeza.